Maabara ya Likizo: Boksi, Beseni na Manjano ya Jikoni

Katika safari yake nchini Uganda, Manu Prakash, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, aliingia kwenye kituo cha afya akakuta mashine ya kuzungushia damu imewekwa sakafuni kuzuia mlango usijifunge. Mashine hiyo, sentrifuji, huuzwa kwa bei kubwa. Kazi yake ni kuitenganisha damu ili vimelea vya magonjwa kama malaria viweze kuonekana. Lakini pale umeme haukuwepo, na bila umeme ilibaki chuma kizito tu.

Prakash na mwenzake Saad Bhamla wakaanza kutafuta kitu kinachozunguka kwa kasi bila umeme, wakaenda kukitafuta kwenye vitu vya kuchezea watoto. Kilichowashangaza ni kifungo cha nguo kilichopitishwa uzi katika matundu mawili. Watoto wa Afrika Mashariki wanakijua vizuri mchezo huo, ingawa wengi hutumia kizibo cha soda kilichopondwa kikawa bapa: unausokota uzi, unauvuta kwa mikono miwili, kizibo kinavuma. Kamera ya kasi ilionyesha kwamba kifungo kile kilizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika.

Mwaka 2017 walitangaza sentrifuji yao ya karatasi. Ina uzito wa gramu 2, gharama yake ni kama senti 20 za Marekani, na huzunguka hadi mara 125,000 kwa dakika. Kwa dakika moja na nusu huweza kutenganisha chembe nyekundu za damu na maji yake ya rangi ya majani makavu.

Mzazi mwenye watoto watatu nyumbani katika likizo ya Desemba, televisheni ikiwa imeshawachosha, anacho kila kinachohitajika kutengeneza kisahani kama hicho cha kuvuma kwa uzi. Kizibo kiachwe, maana makali yake hukata vidole. Kipande cha boksi kinatosha. Watoto waweke glasi juu ya boksi, waizungushie penseli, wakate duara. Kisha watoboe matundu mawili karibu na kitovu, kila tundu upande wake, kwa umbali ulio sawa. Uzi imara wa kama mita moja upitishwe kwenye matundu yote mawili, ncha zifungwe pamoja. Mtoto ashike kila upande kwa kidole, akizungushe kisahani mpaka uzi ujisokote, halafu avute, alegeze, avute tena, huku akikiweka mbali na uso na nywele.

Siri yote iko katika kule kulegeza. Ukivuta, uzi unasokotoka na kukizungusha kisahani. Uzi unaponyooka, kisahani hakisimami papo hapo, kwa kuwa kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Kwa hiyo kinaendelea kuzunguka na kuusokota uzi upande wa pili. Mtoto anayevuta mfululizo bila kulegeza anakizima mwenyewe.

Hapo maswali huanza kuja bila kuitwa. Kwa nini cha dada kinayumba? Matundu hayakulingana, upande mmoja umezidi uzito. Je, kisahani kidogo kitavuma vipi? Wakate kingine cha upana wa kifuniko cha chupa, wasikilize wenyewe. Na wakipaka nusu ya kisahani rangi nyekundu na nusu njano, kikishika kasi wataona rangi ya chungwa, kwa sababu jicho haliwahi kuzitenganisha rangi zinazopishana upesi namna hiyo.

Siku inayofuata boksi lipumzike, beseni litoke uani. Safari hii kinachotengenezwa ni mashua isiyo na tanga wala injini. Watoto wachukue pakiti tupu ya maziwa, ile ngumu isiyolowa, wakate mashua ndogo yenye urefu wa kidole, mbele imechongoka, nyuma ina pengo dogo. Beseni lijazwe maji safi, mashua iwekwe juu taratibu. Kisha mmoja achovye kijiti kwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na kugusa maji ndani ya lile pengo. Mashua itaruka mbele kana kwamba imesukumwa.

Molekuli za maji huvutana, na zile zilizo juu kabisa huvutana kiasi cha kuufanya uso wa maji ukazike kama ngozi ya ngoma. Sabuni hulegeza mvuto huo. Nyuma ya mashua uso umelegea, mbele bado umekaza, basi mashua inavutwa mbele. Baada ya raundi chache haitakwenda tena, hata ukiongeza sabuni, kwa kuwa sabuni imeshaenea beseni zima na hakuna upande unaovuta kuliko mwingine. Maji yamwagwe, beseni lisuuzwe vizuri, mchezo uanze upya.

Jambo hilihili la uso wa maji na uchafu unaotanda juu yake ndilo lililomshughulisha Agnes Pockels, binti wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1862. Alitaka kusoma fizikia, lakini vyuo vikuu vya Ujerumani wakati ule havikupokea wanawake, naye alibaki nyumbani Braunschweig akiwatunza wazazi wake waliokuwa wagonjwa. Akiwa bado msichana alianza vipimo jikoni kwa vyombo alivyojitengenezea: chombo cha bati kilichojaa maji, kipande cha bati cha kusogeza uso wa maji, na kifungo kilichoning'inizwa kwenye mizani kupima nguvu inayohitajika kukibandua kwenye maji.

Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza. Rayleigh aliipeleka barua ile kwa jarida la Nature, nalo likaichapisha mwaka huohuo. Mmarekani Irving Langmuir alikiboresha chombo cha Pockels katika utafiti wake, na mwaka 1932 akapata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya nyuso za vitu. Mwaka huohuo chuo cha Braunschweig kilimpa Pockels udaktari wa heshima. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Mvua ikiwafungia watoto ndani, jikoni kuna manjano. Kila aliyewahi kufua kanzu nyeupe yenye doa la mchuzi amekiona kioja chake: doa la njano likiguswa na sabuni ya mche hugeuka jekundu. Rangi ya manjano inatokana na kurkumini, na kurkumini hubadilika inapokutana na vitu vyenye alikali kama sabuni, magadi au maji ya majivu.

Kwa hiyo watoto wanaweza kutengeneza kadi za siri. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, ila huyeyuka katika spiriti. Mzazi ndiye achanganye kijiko cha manjano na spiriti kidogo, mbali kabisa na moto, apake karatasi nyeupe na kuiacha ikauke. Mtoto achovye kijiti cha pamba kwenye maji ya magadi na kuandika. Herufi zitatokea nyekundu iliyokolea. Apitishe ndimu juu yake, zitarudi njano.

Manjano, hata hivyo, haiwezi kutofautisha ndimu na maji ya kawaida, kwani kote hubaki njano. Kwa kazi hiyo inafaa choya, yale maua yanayochemshwa kutengeneza juisi nyekundu. Vikombe vitatu vya juisi isiyo na sukari vinatosha: kimoja kitiwe ndimu, cha pili magadi, cha tatu kiachwe kama kilivyo. Cha ndimu kitazidi wekundu, cha magadi kitaelekea kijani au samawati, na hicho cha magadi kisinywewe. Baada ya hapo watoto waachiwe siki, ukwaju, majivu na vikombe vingine, pamoja na daftari la kuandikia kila rangi waliyoiona.