Uteuzi wa Maneno Msingi katika Makala za Kitaaluma za Kiswahili: Mifano kutoka Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Maneno msingi ni sehemu fupi kuliko zote katika makala ya kitaaluma, lakini huamua kwa kiasi kikubwa iwapo makala hiyo itawafikia wasomaji wanaoihitaji. Makala hii inafafanua namna ya kuyateua maneno hayo kwa kuzingatia sifa za Kiswahili chenyewe, hususani uambishaji wake, tofauti za tahajia na majina ya mahali yanayofanana na nomino za kawaida. Mifano imetolewa katika taaluma zinazohusu Moshi na miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Hoja kuu ni kwamba matini ya makala hufuata lugha ya mwandishi, ilhali maneno msingi hayana budi kufuata pia lugha ya mtafutaji.

Maneno msingi: uteuzi wa maneno msingi, utafutaji wa kitaaluma, viambishi awali, tahajia, Wachaga, Wachagga, kihamba, vihamba

1.0 Utangulizi

Mwandishi anayewasilisha makala katika jarida la kitaaluma hutakiwa kuorodhesha maneno machache chini ya ikisiri. Majarida huyaita kwa majina tofauti: maneno msingi, maneno muhimu, au istilahi muhimu. Mara nyingi maneno hayo huandikwa mwishoni, kazi yote ikiwa imekwisha kukamilika, na huokotwa kutoka katika anwani au katika jina la taaluma. Hivyo, makala inayochunguza majina ya mifereji ya asili ya Uchagani inaweza kupewa maneno “lugha, jamii, utamaduni, Kiswahili, Tanzania”. Kila moja ya maneno hayo ni la kweli, lakini hakuna hata moja linalomwelekeza msomaji kwenye mfereji.

Suala hili haliishii katika utaratibu wa uchapishaji. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika mapitio ya maandiko hutegemea kile alichokipata katika utafutaji wake. Asipopata kitu, huandika kwamba mada yake haijafanyiwa utafiti, na dai hilo hupokewa na wengine wanaomfuata. Kwa njia hiyo, kazi iliyoandikwa kwa Kiswahili huweza kuwapo rafuni na katika tovuti ya jarida, lakini isiwepo katika mjadala wa taaluma. Mtafutaji akigeukia Kiingereza, atakutana na kazi za Kiingereza pekee, naye ataamini kwamba Kiswahili hakijasema lolote kuhusu jambo hilo. Kiswahili kitakuwa kimekwisha kusema, ila hakikusikika.

2.0 Upekee wa neno

Msingi wa kinadharia wa uteuzi wa maneno ya utafutaji uliwekwa kabla ya intaneti kuenea. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones, mtaalamu wa Uingereza, alichapisha makala iliyoonesha kwamba uzito wa neno katika utafutaji hutegemea uchache wa matini zinazolitumia. Neno linalopatikana katika kila matini haliwezi kuitofautisha matini moja na nyingine.

Tuseme hifadhidata ina makala 1,000 za isimu na fasihi ya Kiswahili, na neno “Kiswahili” limo katika zote. Tukigawa jumla ya makala kwa idadi ya makala zenye neno hilo, tunapata 1, na logi ya 1 ni sifuri. Neno hilo, katika hifadhidata hiyo, halina uzito wowote. Iwapo neno “kihamba” limo katika makala 10 tu, uwiano wake ni 100, ambao logi yake kwa kizio cha 10 ni 2. Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa maneno kama “lugha”, “fasihi”, “jamii” na “uchambuzi” yanapotumiwa peke yake katika jarida la Kiswahili. Ni sawa na kumwelekeza mgeni wa Moshi kwa kumwambia kwamba nyumba anayoitafuta iko jirani na migomba.

Hata hivyo, upekee una mpaka. Neno ambalo hakuna mtu mwingine anayelijua halitatafutwa na mtu yeyote. Neno zuri ni lile ambalo ni la pekee kiasi cha kutofautisha, lakini linalofahamika kiasi cha kukumbukwa na mtafutaji.

3.0 Changamoto zinazotokana na lugha

3.1 Viambishi awali

Mifumo mingi ya utafutaji hulinganisha mfuatano wa herufi, na ile iliyoboreshwa hupunguza maneno hadi kwenye mashina yake. Utaratibu unaojulikana zaidi, uliochapishwa na Martin Porter mwaka 1980, uliundwa kwa ajili ya Kiingereza na huondoa viambishi tamati. Vilevile, katalogi nyingi za maktaba humruhusu mtafutaji kuandika mwanzo wa neno na kuweka kinyota mahali pa mwisho wake. Njia zote mbili hudhani kwamba mwanzo wa neno haubadiliki.

Katika Kiswahili mambo ni kinyume. Umoja na wingi wa nomino nyingi huoneshwa mwanzoni mwa neno. Anayetafuta “kihamba”, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa linalorithiwa katika ukoo, anaweza kuikosa makala inayotumia “vihamba” pekee. Ndivyo ilivyo kwa “mfongo” na “mifongo”, jina la Kichaga la mfereji wa asili wa umwagiliaji. Mzizi mmoja hutoa pia Mchaga, Wachaga, Kichaga, Uchaga na Uchagani, na katika orodha ya kialfabeti maneno hayo hutawanyika chini ya herufi M, W, K na U.

Wanaleksikografia wamelikabili tatizo hili kwa muda mrefu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya nomino nyingi chini ya vitenzi zilimotokana, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliziorodhesha nomino kwa umbo lake kamili pamoja na kiambishi. Uamuzi wa kwanza humtaka msomaji ajue mofolojia. Wa pili humtaka ajue umbo. Mtafutaji wa leo yuko katika hali ya pili: hupata umbo aliloliandika. Kwa hiyo, nomino iliyo kiini cha makala inafaa itokee katika umoja na wingi, ama katika maneno msingi yenyewe ama kwa kuigawa kati ya anwani, ikisiri na maneno msingi. Kwa upande wa vitenzi, umbo la nomino lililotulia, kama “umwagiliaji”, linafaa kuliko “kumwagilia”, kwa kuwa kitenzi hubeba viambishi vya nafsi, njeo na kauli ambavyo mtafutaji hawezi kuvikisia.

3.2 Tahajia na majina ya lugha

Jina la watu wa miteremko ya Kilimanjaro limeandikwa kwa namna kadhaa. Wajerumani waliandika Dschagga, kama inavyoonekana katika kitabu cha mmisionari Bruno Gutmann cha mwaka 1926, Das Recht der Dschagga. Waandishi wa Kiingereza wamezoea Chagga. Katika Kiswahili, tahajia ya g moja, Wachaga, hukubaliana na kawaida ya othografia sanifu ya kutorudia konsonanti, lakini g mbili hazijatoweka. Kitabu cha Petro Itosi Marealle, kilichochapishwa mwaka 1947, kinaitwa Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera. Mtafutaji wa “Wachaga” hatakiona kitabu hicho, ambacho ni miongoni mwa maandiko muhimu ya Kiswahili kuhusu jamii hiyo, kwa sababu mbili: kiambishi ni tofauti, na tahajia ni tofauti. Mlima wenyewe huandikwa Kilimandscharo katika Kijerumani.

Yapo pia majina ya lugha. Makala nyingi husema “Kichaga” ilhali data yake ni ya Kivunjo au Kimachame. Guthrie aliziweka lugha hizi katika kundi E60, na kiwango cha ISO 639-3 huvipa vilugha hivyo misimbo tofauti: jmc kwa Kimachame, vun kwa Kivunjo, rof kwa Kirombo na old kwa Kimochi. Mtafiti wa Kirombo anayekutana na neno “Kichaga” pekee hana njia ya kujua kama data inamhusu. Kwa hiyo, inapasa kuandika jina mahususi na jina la jumla pamoja: “Kivunjo, Kichaga”.

Majina ya taasisi nayo hubadilika. Chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925 kiliitwa Kilimanjaro Native Planters Association. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU. Jina la kwanza halina neno lenye maana ya ushirika. Anayechunguza istilahi za ushirika kwa kutafuta “KNCU” na “ushirika” pekee ataanza historia yake miaka minane baada ya mwanzo wake.

3.3 Majina ya mahali yenye maana ya kawaida

Mkoa wa Kilimanjaro una mfano ambao hauonekani kwa urahisi kwingineko. Moshi ni mji, na moshi ni kile kinachotoka jikoni. Hai ni wilaya, na hai ni kivumishi cha chenye uhai. Siha ni wilaya, na siha ni afya. Mwanga ni wilaya, na mwanga ni nuru, au mchawi. Msomaji huzitofautisha kwa herufi kubwa na muktadha. Mifumo mingi ya utafutaji haijali herufi kubwa, na neno msingi lililoandikwa peke yake halina muktadha. Makala yenye maneno msingi “lugha, Hai, vijana” itachanganywa na makala kuhusu lugha hai.

Suluhisho ni kuliandika jina pamoja na neno linalolifafanua: Manispaa ya Moshi, Wilaya ya Hai, Wilaya ya Mwanga. Kirai cha namna hiyo kihesabiwe kuwa neno msingi moja.

3.4 Neno mahususi na neno jumla

Maneno kama “mangi”, “mbege” na “kihamba” hubeba maana ambayo visawe vyake havibebi. Hata hivyo, mtafiti wa uongozi wa jadi huko Unyamwezini atatafuta “mtemi” au “chifu”, wala hatajua kwamba makala kuhusu mangi ingemfaa. Basi neno mahususi liambatane na neno jumla: “mangi” na “uongozi wa jadi”, “mbege” na “pombe ya asili”, “mfongo” na “mfereji wa asili”. Neno mahususi humleta mtaalamu wa eneo, na neno jumla humleta mtaalamu wa mada. Linganishi nyingi za kitaaluma huzaliwa pale wawili hao wanapokutana.

4.0 Hatua za uteuzi

Kutokana na mjadala huu, tunapendekeza hatua tano.

Kwanza, mwandishi aandike hoja kuu ya makala kwa sentensi moja, kisha apigie mstari nomino zinazobeba hoja hiyo. Hizo ndizo maneno msingi ya awali.

Pili, aondoe kila neno ambalo lingeweza kuandikwa chini ya makala nyingine yoyote katika jarida hilohilo, au aliunganishe na neno linaloliwekea mpaka. “Fasihi” iwe “fasihi simulizi ya Wachaga”. “Majina” iwe “majina ya mifereji”.

Tatu, alinganishe orodha na anwani. Kwa kuwa hifadhidata nyingi husoma anwani, ikisiri na maneno msingi kwa pamoja, nafasi ya maneno msingi itumike zaidi kwa yale ambayo anwani haikuyabeba: wingi, tahajia ya pili, jina la awali, neno jumla.

Nne, ayajaribu. Aandike kila neno katika mfumo wa utafutaji na kusoma matokeo ishirini ya mwanzo. Yakiwa ya taaluma yake, neno linafaa. Yakiwa ya mambo mengine, neno hilo linahitaji kufafanuliwa. Pasipotokea chochote, ajiulize kama kuna mtu mwingine anayelitumia.

Tano, pale jarida linaporuhusu ikisiri ya Kiingereza, maneno msingi ya Kiingereza yateuliwe upya kwa kufuata mazoea ya maandiko ya Kiingereza, yasitafsiriwe neno kwa neno kutoka katika orodha ya Kiswahili.

5.0 Uaminifu na usanifu

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba kuteua maneno kwa kumfikiria mtafutaji ni kutafuta umaarufu. Hatari hiyo ipo. Jina la Kilimanjaro hutafutwa sana kwa sababu ya utalii, na mwandishi wa makala kuhusu fonolojia ya Kimachame anaweza kushawishika kuongeza “utalii” au “kupanda mlima”. Hilo litamletea wageni watakaoondoka mara wanapofungua ukurasa wa kwanza, na kuwapotezea muda. Kipimo ni chepesi: kila neno msingi liwe linajibiwa na aya isiyopungua moja katika makala.

La pili ni kwamba kuorodhesha “Wachagga” kando ya “Wachaga” ni kulegeza usanifu wa lugha. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu iwapo tungependekeza tahajia mbili katika matini. Matini ifuate tahajia moja iliyo sanifu tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno msingi yana kazi nyingine: kuunganisha makala ya leo na maandiko yaliyotangulia, ambayo hayawezi kuandikwa upya. Kuirekodi tahajia ya kitabu cha Marealle ni kukitunzia mlango wa kuingilia.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kanuni za jumla za utafutaji zinahitaji kusomwa upya kwa macho ya mofolojia ya Kiswahili. Lugha inayobadilika mwanzoni mwa neno, yenye miji inayoitwa kwa nomino za kawaida na jamii ambazo majina yake yamepitia othografia tatu, haiwezi kuhudumiwa na orodha iliyoandikwa kwa haraka dakika ya mwisho. Wahariri na wasimamizi wa tasnifu wanaweza kusaidia kwa kuyahoji maneno msingi kama wanavyozihoji data na nadharia. Nusu saa inayotumiwa hapo ni fupi ikilinganishwa na miezi ya ukusanyaji wa data huko Marangu, Kibosho au Rombo, na bila nusu saa hiyo, miezi hiyo inaweza isimfikie mtu aliyeihitaji.