Kutuliza Ghadhabu Kazini ni Ujuzi Unaofundishwa

Binti zetu wengi hukabiliwa na hasira za watu kazini: muuguzi anayepokea wagonjwa, karani wa benki, muuza duka. Mara nyingi huusiwa wavute subira tu. Subira ni fadhila kubwa, lakini haimwelezi mtu asimame wapi, aseme nini, wala aondoke lini. Hayo hufundishwa.

Mafunzo huanza na mwili. Mfanyakazi hujizoeza kusimama hatua mbili tatu kutoka kwa mwenye hasira, mikono yake ikionekana, na njia ya mlango ikiwa wazi kwa wote wawili. Sauti huishusha. Malalamiko huyasikiliza hadi mwisho, kisha huyarudia kwa maneno machache ili mlalamishi ajue amesikika. Humkaribisha kiti. Hili si geni kwetu: Mtume (S.A.W.) alimuusia aliyeghadhibika hali amesimama kwamba aketi.

La muhimu zaidi ni kuutambua mpaka. Matusi yakigeuka vitisho, au ngumi zikikunjwa, mazungumzo yamekwisha. Aondoke upesi na aite msaada. Kunusuru nafsi si woga.

Wala mzigo huu si wa mfanyakazi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo yanayohitajika kwa usalama wao. Basi, ndugu wazazi, binti yenu akiajiriwa, msimuulize mshahara pekee. Muulizeni pia: akitishwa, amefundishwa kutokea mlango gani, na kumwita nani?