Kinga Inayokosekana Kwenye Gurudumu la Nyuma

Mtoto anapopakiwa kwenye keria ya baiskeli, miguu yake huning'inia kando ya gurudumu la nyuma. Akisinzia, au baiskeli ikiingia shimoni, mguu huweza kunaswa na spoki na kubanwa kwenye fremu. Kisigino na kifundo ndivyo huumia zaidi.

Jeraha hili hudanganya macho. Siku ya kwanza huonekana mchubuko tu. Baada ya siku mbili tatu, ngozi iliyopondwa huweza kufa na kuacha kidonda kikubwa. Kwa hiyo mhudumu wa afya hana budi kuchunguza mifupa na kano, kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, na kumpangia mtoto siku ya kurudi. Mzazi naye asiuvute mguu kwa nguvu. Asimamishe baiskeli, apinde au akate spoki, aoshe jeraha kwa maji safi na kulifunika kwa kitambaa safi, kisha ampeleke mtoto kituoni. Majivu na udongo visipakwe kamwe.

Nchini Uholanzi, baiskeli nyingi zina kinga kando ya gurudumu la nyuma ili nguo zisinaswe. Laiti kila keria ingeuzwa na kinga kama hiyo pande zote mbili, pamoja na vikanyagio vya mtoto! Hadi hapo, fundi wa mtaani aweza kufunga wavu mgumu kwa waya. Mtoto naye avae viatu vinavyofunika kisigino.