Jinsi Nyumba Yetu ya Kanyosha Ilivyopata Mlango Ujerumani

Wenzangu wengi shuleni wameniuliza juu ya kile kisanduku cheusi kilichopo juu ya kabati letu hapa Kanyosha, na kwa nini kurasa za intaneti hudhani kwamba simu ya mama yangu iko Ujerumani. Nimeona heri niandike mara moja, nisije nikarudia maneno yale yale kila wakati wa mapumziko.

Jambo lenyewe lilianza tarehe 20 Mei 2020, siku ya uchaguzi, nami nilikuwa darasa la sita. Siku ile WhatsApp, Facebook, Twitter na YouTube zilizuiwa nchini, kama vile baadhi yake zilivyozuiwa mwezi wa Aprili 2015. Kaka yangu mkubwa ni muuguzi katika mji wa Köln, na desturi yake ilikuwa kuzungumza na mama kila jioni kwa WhatsApp, maana simu ya kawaida kutoka Ulaya ni ghali. Wiki ile baba alikuwa mgonjwa. Jioni ikafika, simu haikulia. Mama akakaa nayo mkononi mpaka usiku, kana kwamba kuishika kungeifanya ilie.

Kesho yake jirani akatufundisha kutia programu ya VPN ya bure. Kweli, WhatsApp ilifunguka, kaka akasikia sauti ya baba, nasi tukamshukuru jirani sana. Lakini simu ikajaa matangazo, kifurushi cha wiki kikaisha kwa siku tatu, na wala hatukujua mwenye programu ile ni nani, anakaa wapi, na anapata nini kwa kututendea wema huo. Kaka alipoambiwa hakufurahi. Alisema, "Mmempa mtu msiyemjua barua za nyumba nzima."

Maneno hayo sikuyaelewa siku ile. Sasa nayaelewa, nami nitajaribu kuyaeleza.

Unapofungua ukurasa wa intaneti, simu yako hupeleka na kupokea barua ndogo ndogo kwa maelfu. Kila barua ina bahasha, na juu ya bahasha pana anwani ya aliyeandika na ya anayeandikiwa. Kampuni inayokuuzia intaneti ndiyo tarishi. Siku hizi maandishi ya ndani mara nyingi hufungwa kwa siri, na WhatsApp imefunga hivyo mazungumzo ya watumiaji wake wote tangu mwaka 2016. Lakini tarishi huendelea kusoma anwani. Akiamriwa asipeleke barua za anwani fulani, hazifiki.

VPN huitia bahasha yako ndani ya bahasha nyingine iliyofungwa, yenye anwani moja tu, yaani ya nyumba ya pili iliyo mbali. Huko bahasha ya nje hufunguliwa, na barua ya ndani hutiwa posta upya kwa anwani ya nyumba ile. Majibu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Tarishi wa hapa huona tu kwamba unaandikiana na nyumba moja ya ng'ambo, na uzito wa mizigo yako. Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalitazami: yote ambayo tarishi wa hapa alikuwa akiyaona, mwenye nyumba ya pili ndiye anayeyaona sasa. Tarishi bado yupo, ila umembadilisha. Ndiyo sababu kaka aliuliza kwanza ni nani mwenye ile nyumba ya pili, hata kabla ya kuuliza bei. Akaamua iwe chumba chake mwenyewe.

Huko Köln ana ruta iitwayo FRITZ!Box, ambayo iko katika nyumba nyingi za Ujerumani. Tangu toleo la 7.50 la programu yake, ruta hiyo inaweza kutumia njia ya VPN iitwayo WireGuard. WireGuard ilitungwa na Jason Donenfeld, ikaingizwa katika kiini cha Linux mwezi wa Machi 2020. Sifa yake ni ufupi, maana iliandikwa kwa mistari 4,000 hivi, hata mtu mmoja mwenye ujuzi anaweza kuisoma yote. Kila upande una funguo mbili, mmoja wa siri na mmoja wa hadharani, na kila upande hupewa ule wa hadharani wa mwenzake. Asiyejulikana ufunguo wake akibisha hodi hajibiwi hata neno moja, kama kwamba nyumba haina mtu.

Kaka alipotengeneza njia hii, FRITZ!Box ilimtaka abonyeze kitufe juu ya sanduku lenyewe, ili mwizi aliye mbali asiweze kujifungulia mlango. Kisha ikampa faili. Ndani ya faili ile umo ufunguo wa siri, kwa hiyo hakuipeleka kwa barua-pepe. Aliitia katika ruta ndogo ya pili, na alipokuja likizo Julai 2023 akaileta mkobani, imefungwa ndani ya soksi. Ruta hiyo haizidi kipande cha sabuni. Inaendeshwa na OpenWrt, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2004, na umeme wake ni volti 5 tu, yaani hata betri ya kuchajia simu huitosha. Hupokea intaneti kutoka modemu yetu yenye laini ya simu, kisha huigawa nyumbani kwa waifai.

Tukaiwasha. Kimya! Siku mbili kaka alikaa mbele yake bila kula vizuri. Kule Köln alikuwa amejaribu njia ile kwa simu yake akiwa nje ya nyumba, nayo ikafanya kazi bila shida.

Sababu yafaa kuijua, maana itamkuta kila atakayejaribu. Anwani za intaneti za namna ya zamani, ziitwazo IPv4, hazizidi bilioni 4.3, nazo zimekwisha gawanywa. Basi kampuni nyingi za Ulaya humpa mteja wa nyumbani anwani yake mwenyewe ya namna mpya, IPv6, lakini ile ya zamani huwashirikisha wateja wengi pamoja. Simu ya kaka kule Köln ilikuwa na IPv6, ikaiona nyumba yake. Laini yetu ya Kanyosha ilikuwa na IPv4 tu. Barua yetu ilifika kwenye anwani ya watu wengi, na hapo hakuna ajuaye ni ya mlango upi. Ni kama kuandika juu ya bahasha, "Kanyosha, nyumba ya bati."

Kaka aliporudi aliiomba kampuni yake impe anwani ya IPv4 isiyoshirikishwa. Baada ya wiki moja walimpa. Basi mwenye ndugu ng'ambo na amwambie aulize jambo hili kabla ya kununua chochote. Anwani hiyo hubadilika mara kwa mara, lakini FRITZ!Box ina huduma ya kuipa nyumba jina, na jina huifuata anwani kila inakohamia.

Usiku wa siku ile mlango ulipofunguka nilipima mwendo wa barua, kwenda Köln na kurudi: milisekunde 190. Si kidogo, wala si ajabu. Nchi yetu haina bahari, kwa hiyo data hupita nchi kavu mpaka pwani, Dar es Salaam au Mombasa, kisha hushika nyaya zilizolazwa baharini, kama SEACOM ya mwaka 2009 au EASSy ya mwaka 2010. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata ukurasa ulio hapa hapa Bujumbura sasa huenda Köln kwanza, ndipo uje sebuleni kwetu.

Juu ya kasi, usidanganywe na tarakimu kubwa. Kaka hulipia megabiti 50 za kupokea na 10 za kupeleka. Kinachoingia kwetu ndicho kinachotoka kwake, kwa hiyo sisi tuna zile 10 tu, hata laini yetu ingekuwa na kasi namna gani.

Sasa nije kwenye kosa lililonisumbua kuliko yote. Novemba 2023 umeme ulikatika usiku kucha. Uliporudi, ruta iliwaka taa zake zote, lakini mlango wa Köln haukufunguka. Nikazima, nikawasha. Nikabadili waya. Siku tatu zikapita. Mwishowe kaka alipiga simu ya kawaida, akaniambia, "Tazama tarehe ya ruta." Nikatazama: ilidhani bado ni Septemba.

Ruta ndogo kama ile haina betri ya saa. Ikizimika husahau wakati, na ikiamka hushika tarehe ya faili jipya kuliko yote lililomo ndani yake. Nayo WireGuard hutia wakati ndani ya kila salamu ya kwanza. Upande wa pili huukumbuka wakati wa salamu ya mwisho, na salamu yoyote yenye wakati wa nyuma huikataa, kwa kuhofia kwamba mwizi ameinasa salamu ya zamani na anairudia. Kwa hiyo Köln ilituona kama wezi. Ruta ingeweza kuuliza saa kwenye intaneti, lakini sisi tulikuwa tumeiamuru kwamba kila barua, bila kubakiza hata moja, ipite Köln. Ili ipate saa ilihitaji mlango, na ili ipate mlango ilihitaji saa. Mama aliposikia akasema, "Saa ya ukutani ya faranga chache inajua wakati, na hiki cha Ulaya hakijui?" Dawa ilikuwa kuiruhusu barua moja tu, ile ya kuuliza saa, ipite njia ya kawaida. Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi, na mlango hurudi wenyewe baada ya dakika moja hivi.

Wengine hunisifu kwamba nyumba yetu haiwezi kuzuiwa. Si kweli. Bahasha za WireGuard hazijifichi umbo lake, na kampuni ikitaka kuzitambua na kuzizuia inaweza. Tena intaneti yote ikizimwa, kama ilivyozimwa Uganda wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, VPN haina barabara ya kupita.

Jambo la mwisho ni zito zaidi, na nimeomba ruhusa nyumbani kabla ya kuliandika. Aprili 2024 binamu yetu alikaa kwetu mwezi mmoja. Usiku mmoja alipakua filamu kwa njia ya torenti. Katika torenti anayepokea vipande vya filamu huwagawia wengine vipande hivyo wakati huo huo, na anwani yake huonekana na wote. Anwani iliyoonekana haikuwa ya Kanyosha. Ilikuwa ya chumba cha kaka.

Ujerumani mawakili wa wenye filamu hukesha wakitazama anwani hizo, na kwa amri ya mahakama hupata jina la mteja. Wiki kadhaa baadaye kaka alipokea barua: jina la filamu, tarehe, saa, dakika, na madai ya zaidi ya euro 700. Alitutumia picha ya barua ile bila neno lolote. Mama akanipa niisome. Kijerumani sikijui, lakini saa iliyoandikwa niliikumbuka, maana usiku ule niliamka kunywa maji nikamkuta binamu mezani. Kaka alikwenda kwa mshauri wa sheria, madai yakapunguzwa, naye akalipa kwa miezi minne. Miezi hiyo fedha aliyokuwa akimpelekea baba kwa dawa ilipungua, na binamu alijua. Alifanya kazi ya kubeba mchanga likizo nzima, akaleta alichopata, mama akakipokea bila kukihesabu.

Hapo ndipo mimi na kaka tulipopanga upya. Ruta ile sasa hutoa waifai mbili. Ya kwanza hupita Köln, na neno lake la siri tunalijua watu watatu: mama, baba na mimi. Ya pili hupita njia ya kawaida ya hapa, na wageni wote hupewa hiyo. Anayetaka filamu atafute kwa jina lake mwenyewe.

Kila jioni, kabla kaka hajapiga, mimi hufungua ukurasa wa ruta na kutazama mstari unaoonyesha salamu ya mwisho ilipokelewa sekunde ngapi zilizopita. Ikiwa ni chini ya mia na hamsini, humwambia mama akae tayari. Atakaye kuja kuona mambo haya kwa macho yake aje Jumamosi alasiri, umeme ukiwapo.