Globu ya Pemba na Maji ya Mombo: Maelezo kuhusu Taa za Kutumia Umeme Mdogo

Jua linapotua kisiwani Pemba, taa huwashwa Wete, Chake Chake, Mkoani na vijijini kwa muda usiozidi nusu saa. Misikiti huwasha taa kwa ajili ya sala ya Magharibi, maduka huwasha za nje, na watoto wa skuli hufungua madaftari yao. Kuanzia wakati huo hadi kiasi cha saa nne za usiku ndipo umeme unapotakiwa kwa wingi zaidi kuliko saa yoyote ya mchana. Ni wananchi wachache wanaojiuliza umeme huo unatoka wapi na unapita wapi hadi kuifikia globu iliyoning'inia sebuleni.

Umeme wa Pemba hauzalishwi Pemba. Kwa miaka mingi kisiwa hicho kilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwapo Wesha, ambayo yalikula mafuta mengi na kuharibika mara kwa mara, na wazee wanakumbuka vyema nyakati ambapo kuwa na waya nyumbani hakukuwa na maana ya kuwa na umeme. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2010, ulipozinduliwa waya wa baharini unaotoka Tanga hadi Pemba, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, uliojengwa kwa msaada wa Serikali ya Norway. Waya huo ulijengwa kwa uwezo wa kupitisha megawati 20. Tarakimu hiyo inafaa kuwekwa akilini, kwani maelezo yanayofuata yanairejea.

Huko Tanga umeme unachukuliwa kutoka Gridi ya Taifa. Gridi ni mfano wa mtungi mmoja unaojazwa na mito mingi, hivyo haiwezekani kusema kwamba umeme huu ni wa bwawa fulani na ule ni wa gesi ya mahali fulani. Hata hivyo, mitambo iliyo karibu zaidi na waya wa Pemba ni ile ya Mto Pangani. Kituo cha Hale, kilichofunguliwa mwaka 1964, kina uwezo wa megawati 21. Chini yake kipo kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye uwezo wa megawati 68, kilichoanza kazi mwaka 1995 kwa msaada wa nchi za Finland, Norway na Sweden, na kuchukua nafasi ya kituo cha zamani cha miaka ya 1930. Juu kabisa lipo bwawa la Nyumba ya Mungu lenye mitambo ya megawati 8.

Msafiri wa Zanzibar anayekwenda Moshi, Arusha au Lushoto hupita Mombo, katika Wilaya ya Korogwe, ambapo mabasi mengi husimama ili abiria wale chakula. Hapo ndipo magari ya Lushoto yanapoiacha barabara kuu na kuanza kupanda mlima kuelekea Soni. Akitazama upande wa mlimani ataona njia ya Mto Soni unaoteremka kutoka Usambara. Maji ya mto huo ndiyo yanayomwagilia mashamba ya mpunga ya Mombo. Yanayobaki huingia katika Mto Mkomazi, nao Mkomazi huingia Pangani kabla Pangani haujafika Hale. Kwa maneno mengine, maji yanayopita Mombo yana kazi mbili za kufanya kabla ya kufika baharini: kuotesha mpunga na kuzungusha mashine za umeme.

Ni hapa penye uzito wa jambo lenyewe. Bonde la Pangani lina watu wengi na lina wakulima wengi, tangu Kilimanjaro na Meru hadi pwani. Ndiyo maana mwaka 1991 iliundwa ofisi maalumu ya maji ya bonde hilo, yenye makao yake Moshi, ili kugawa maji kwa kibali. Maji yakichukuliwa mashambani hayafiki kwenye mitambo, na yakiachwa yote yaende kwenye mitambo, mpunga unakauka. Katika miezi ya kiangazi mara nyingi maji hayatoshi kuzungusha mashine zote za Pangani. Mkulima wa Mombo anapoambiwa afunge mfereji wake, na mtu wa Chake Chake akawa ameacha globu ya wati 100 inawaka barazani hadi alfajiri bila ya mtu kukaa hapo, wawili hao wana uhusiano, ijapokuwa hawajuani.

Sasa inafaa kueleza globu yenyewe. Globu ya kawaida, ile ya kioo chenye uzi mwembamba ndani, hutoa mwanga kwa sababu uzi huo hupashwa moto hadi ukawa mweupe. Kati ya kila sehemu 100 za umeme unaoingia, takriban 5 tu ndizo hugeuka mwanga. Zilizobaki ni joto. Aliyewahi kuigusa globu iliyowaka kwa saa moja hahitaji kuthibitishiwa. Katika nchi zetu za joto mwenye nyumba hulipia joto hilo mara mbili, kwani huwasha globu na kisha huwasha feni ili kuliondoa.

Taa za mrija uliojisokota, ambazo watu wamezoea kuziita enajiseva, hutumia njia nyingine: umeme hupita ndani ya gesi yenye zebaki kidogo, na unga uliopakwa ndani ya mrija ndio unaong'aa. Taa ya aina hiyo yenye wati 13 hadi 15 hutoa mwanga wa globu ya wati 60. Taa za LED, ambazo sasa zimejaa madukani, hazina uzi wala gesi. Zina vipande vidogo vinavyotoa mwanga moja kwa moja umeme unapopita, na wati 8 au 9 hutosha kutoa mwanga ule ule.

Hesabu yake si ngumu. Nyumba yenye globu 5 za wati 60, zinazowaka saa 5 kila usiku, hutumia uniti moja na nusu kwa usiku mmoja, yaani uniti 45 kwa mwezi wa siku 30. Nyumba hiyo hiyo ikitumia taa za LED za wati 9 itatumia uniti 6.75 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 38 na ziada. Mwananchi anaweza kuzidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti anayolipa wakati wa kununua umeme, akajua ni shilingi ngapi anazozichoma kila mwezi kwa ajili ya joto asilolihitaji. Globu moja ya nje ya wati 100 inayowaka saa 12 kila usiku hula uniti 36 kwa mwezi peke yake.

Ama kwa kisiwa kizima, tuchukulie kwa mfano tu kwamba nyumba 20,000 zimewasha globu 5 za wati 60 kwa wakati mmoja. Mzigo wake ni megawati 6. Zikibadilishwa kuwa za wati 9, mzigo unashuka hadi chini ya megawati moja. Megawati 5 zinazookolewa ni robo ya uwezo wote wa waya wa Tanga na Pemba, na zinaokolewa katika zile saa za jioni ambazo waya huo huelemewa zaidi. Hospitali na pampu za maji vinatumia waya huo huo.

Kwa upande wa Unguja, mafunzo yamekwisha kupatikana kwa njia ngumu. Waya wa kwanza wa baharini, wa Ras Kiromoni hadi Fumba, uliwekwa mwaka 1980 kwa uwezo wa megawati 45. Mwezi wa Mei 2008 Unguja iliingia gizani kwa takriban wiki nne, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa bila ya umeme wa Gridi kwa miezi mitatu. Pampu zilisimama, akina mama wakarudi kutafuta maji kwa ndoo, na koroboi zikatoka tena stoo. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mji ambao Beit al-Ajaib yake, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na taa za umeme kabla ya miji mingi ya Afrika, ulijikuta umerejea kwenye mishumaa katika karne ya 21.

Wapo wanaosema kwamba umeme sasa ni mwingi. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mashine yake ya mwanzo ilianza kuzalisha Februari 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Lakini wingi wa umeme Rufiji hauongezi unene wa waya uliopo chini ya bahari, wala haupunguzi bei ya uniti kwa mwenye nyumba. Aidha, umeme unaosafirishwa masafa marefu hupungua njiani.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili kuwa ni la taifa, si la mtu na nyumba yake. Mwaka 2007 Ghana, iliyokuwa na upungufu wa maji katika bwawa la Akosombo, iligawa bure enajiseva milioni 6, na baadaye ikapiga marufuku uingizaji wa globu za uzi. Uganda ilifanya ugawaji kama huo mwaka huo huo, na Kenya mwaka 2010 iligawa zaidi ya milioni moja. Katika nchi zote hizo hoja ilikuwa moja: kubadilisha globu ni rahisi kuliko kukodi mitambo ya mafuta kwa ajili ya saa chache za jioni.

Mwananchi anayekwenda dukani aangalie mambo machache. La kwanza ni kwamba wati si kipimo cha mwanga bali ni kipimo cha ulaji wa umeme. Mwanga hupimwa kwa lumeni, nazo huandikwa kwenye boksi. Taa ya kuchukua nafasi ya globu ya wati 60 iwe na lumeni 700 hadi 800. Boksi lisiloandikwa lumeni wala alama ya ubora ya ZBS au TBS ni bora liachwe lilipo, hata kama bei yake inavutia. Taa nzuri ya LED hudumu saa 15,000 au zaidi, ambazo kwa saa 5 za kila usiku ni zaidi ya miaka 8. Globu ya uzi hudumu kiasi cha saa 1,000, yaani chini ya miezi 7. Taa hafifu ya LED, kwa upande mwingine, inaweza kufa kabla ya mfungo kumalizika, na mnunuzi akaapa kutozinunua tena.

Taa ndefu za mrija zilizomo maofisini na madarasani zinaweza kubadilishwa kuwa za LED za wati 18, lakini kazi hiyo ifanywe na fundi, kwani stata ya zamani hutolewa na waya hurekebishwa. Wafugaji wa kuku wao wasibabaike: globu ya uzi inayowapa vifaranga joto inafanya kazi yake sawasawa, na LED haitawafaa.

Enajiseva zilizobaki majumbani zitumiwe hadi mwisho wake, ila zisitupwe ovyo kwa sababu ya zebaki iliyomo. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwa mmojawapo, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba utengenezaji na uingizaji wa taa hizo za wati zisizozidi 30 ukome ifikapo 2025. Ikivunjika moja ndani, madirisha yafunguliwe na watu watoke kwa muda wa robo saa. Vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa mkono wala kwa ufagio, na pahala pafutwe kwa kitambaa kibichi. Vyote hivyo vitiwe ndani ya chupa yenye kifuniko na kuwekwa mbali na watoto. Visitupwe kisimani wala karibu na kisima, kwa kuwa maji ya kunywa ya visiwa hivi yanatoka chini ya ardhi hii hii.

Kwa watumishi wa Serikali, taa za ofisini huachwa zikiwaka wakati wa chakula cha mchana na baada ya saa za kazi kwa sababu anayezima si anayelipa. Israfu imekatazwa kwa mali ya mtu binafsi, na mali ya umma haikutolewa katika makatazo hayo. Msimamizi wa kila jengo anaweza kuanza kwa kuhesabu taa zilizopo, kuandika wati za kila moja, na kubadilisha kwanza zile zinazowaka saa nyingi zaidi: za korido, za ngazi na za nje.