Presha ya ukoo: je, na wewe lazima upate kiharusi?

"Kwetu presha ni ya ukoo." Huenda umeshasema hivyo kliniki, na kimoyomoyo ukaongeza kwamba kama baba alianguka kwa kiharusi, basi zamu yako inakuja. Kuna ukweli hapo, ila si wote.

Wataalamu wametambua zaidi ya sehemu 1,000 katika vinasaba vyetu zinazohusiana na shinikizo la damu. Baadhi huathiri jinsi figo zinavyohifadhi chumvi, nyingine jinsi mishipa ya damu inavyokaza. Kila moja peke yake hupandisha presha kidogo mno, mara nyingi chini ya namba 1 kwenye mashine. Zikikusanyika kwa mtu mmoja ndipo anafika 160 kwa chakula kilekile kinachomwacha jirani yake kwenye 120. Presha inayoletwa na jeni moja tu ipo, lakini ni nadra sana.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: watu wawili wenye presha ya 150/95 si lazima wawe na hatari sawa ya ugonjwa wa moyo. Mmoja anaweza kuwa amerithi pia jeni zinazopandisha kolesteroli tangu utotoni. Ndiyo maana daktari anakuuliza habari za familia. Usimjibu "ndiyo, wapo" ukaishia hapo. Mwambie ni nani, aliugua nini, akiwa na umri gani. Baba au kaka aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, ni habari nzito. Babu aliyepata kiharusi akiwa na miaka 88 haelezi mengi kuhusu wewe.

Je, ukapime vinasaba? Kwa wagonjwa wengi, hapana. Pesa hiyo nunulia dawa. Vipimo vya aina hiyo vimetengenezwa zaidi kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na kwa Waafrika hubashiri vibaya zaidi.

Na ukiwa umerithi hatari kubwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu zaidi ya watu 55,000 wa Marekani na Uswidi, ulilitazama hilo. Miongoni mwa wenye jeni za hatari kubwa, wale wasiovuta sigara, wasio wanene kupita kiasi, wanaofanya mazoezi na kula vizuri walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo karibu nusu ya wenzao wasiojitunza. Jeni zilikuwa zilezile za hatari.

Kwa hiyo dawa usiache, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikiwemo iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Vidonge vya ndugu yako usiazime, hata kama presha yenu ni ya ukoo mmoja. Figo zako na zake huenda si sawa.

Na ukigundulika una presha, waambie ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wakubwa wakapime, hata kama hawaumwi kichwa. Presha ya 170 inaweza kukaa mwilini miaka bila maumivu yoyote.