Seti ya sarafu bado imefungwa: uifungue au uiache?

Swali hili naulizwa sana, hasa na wanaouza vitu vya kale hapa Mji Mkongwe: "Nimepata seti ya sarafu, bado imefungwa. Niifungue niuze moja moja, au niiuze hivyo hivyo?"

Tulia kwanza, weka mkasi chini. Ukishachana hurudishi tena. Lakini pia usiogope plastiki kama vile ni hirizi. Kifungio ni shahidi tu. Kazi yako ni kujua shahidi huyo ni wa nani na anashuhudia nini.

1. NANI KAIFUNGA?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kuna seti zilizofungwa na kiwanda kilichopiga sarafu, na kuna pakiti zilizofungwa na muuzaji dukani kwa mashine ya kuyeyusha plastiki. Kwa macho zinaweza kufanana, kwa thamani haziko sawa hata kidogo.

Mfano wa kwanza ni sarafu za mwanzo za Tanzania za 1966: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi 1 yenye mkono ulioshika mwenge. Upande wa pili zote zina sura ya Mwalimu Nyerere. Mbali na zile za matumizi ya kila siku, zilitolewa pia seti za prufu, yaani sarafu zilizopigwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, zinazong'aa kama kioo. Hapo kifungashio cha asili kina maana: kinamwambia mnunuzi kwamba sarafu hizi nne zimekaa pamoja na hazijashikwashikwa.

Mfano wa pili ni pesa za shaba za Seyyid Barghash, zile zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 wa Hijria, yaani karibu 1882. Zile zilikuwa pesa za sokoni, watu wakinunulia mchele. Hazikutoka kiwandani ndani ya plastiki! Kwa hiyo ukiletewa "seti ya Barghash haijafunguliwa", jua plastiki ile kaiweka mtu wa juzi tu. Haithibitishi kitu. Hiyo mwombe muuzaji aifungue mbele yako kabla hujatoa hela, na akikataa, muage kwa heshima.

Na riale ya Maria Theresa je? Ile imeandikwa 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo zaidi ya miaka 200 baadaye, tena katika miji mingi tofauti. Pakiti iliyofungwa yenye 1780 ndani haikuambii umri wa sarafu. Halisi ina uzito wa karibu gramu 28, na uzito huo huwezi kuupima ukiwa umejumlisha na plastiki.

2. PIGA HESABU YOTE, SI NUSU

Tuseme (namba hizi ni za mfano tu, si bei ya soko) una seti ya 1966. Mteja mmoja anaitaka ikiwa imefungwa kwa 140,000. Wewe unaona ukiivunja utauza shilingi 1 kwa 60,000, senti 50 kwa 40,000, senti 20 kwa 30,000 na senti 5 kwa 25,000. Jumla 155,000. Unaona faida ya 15,000, mkono unaenda kwenye mkasi.

Ngoja. Kutuma mzigo mmoja tuseme ni 5,000. Ukivunja unatuma minne, 20,000. Sasa toa:
- Ikiwa imefungwa: 140,000 − 5,000 = 135,000
- Ikiwa imevunjwa: 155,000 − 20,000 = 135,000

Sawa sawa! Na hapo umejiongezea kazi ya wateja wanne, pamoja na hatari ya senti 5 kukaa kwenye droo mpaka masika ya pili. Kwa hiyo usivunje mpaka tofauti iwe kubwa kweli, na ukiweza, uwe na mteja wa uhakika kwa angalau sarafu mbili.

Kuna mzigo ambao kuuza moja moja kunaleta maana zaidi. Mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye faru, zote za fedha, na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Hapo kila mnyama ana mpenzi wake. Anayekusanya faru anataka faru, twiga hana habari naye. Pia madini yenyewe yana bei. Ila tafadhali, ukimpelekea sonara ile ya dhahabu, mwambie asiisugue kwenye jiwe lake. Mchubuko mmoja tu, mkusanyaji anashusha bei. Apime uzito, basi.

3. KUNA WAKATI LAZIMA UFUNGUE

Sisi tunaishi kisiwani. Hewa ya chumvi, unyevu, masika. Plastiki laini za zamani, zile zenye harufu kama ya koti jipya la mvua, nyingine hutoa kemikali inayokula sarafu polepole. Dalili yake ni utando wa kijani unaonata. Ukiuona kwenye shaba, kuendelea kuiacha imefungwa ni kuua mtaji wako. Itoe, iweke kwenye kidonge cha plastiki ngumu, na karibu yake weka vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya.

Na usiisafishe! Ndimu, majivu, dawa ya meno, hivyo viachie sinia la shaba la nyumbani. Sarafu iliyosuguliwa inapendeza kwa mtalii, mkusanyaji anaiona imeharibiwa.

4. UKIAMUA KUFUNGUA

- Piga picha pande zote ikiwa bado imefungwa.
- Rekodi video moja bila kukata wakati unafungua. Siku mteja akisema umembadilishia, una ushahidi.
- Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso wake.
- Tunza kikasha, karatasi na hata plastiki iliyochanwa. Vyote viuze pamoja na sarafu.

5. ANDIKA UKWELI KWENYE TANGAZO

Kama umefungua, andika "imefunguliwa". Kama plastiki si ya kiwandani, sema. Kama hujafungua na hujui hali ya ndani, andika hivyo hivyo: "Sijafungua, naiuza kama unavyoiona." Usije ukafungua, ukakagua, ukafunga tena kwa pasi ukaandika "haijaguswa". Wakusanyaji wanajuana. Anayenunua Muscat ana rafiki London, na jina lako litafika huko kabla ya mzigo.

KWA UFUPI

Imefungwa na kiwanda na iko salama? Iache. Imefungwa na muuzaji tu? Ifungue, ujue unauza nini. Unaona kijani? Ifungue leo. Una tamaa ya faida ya elfu kumi na tano? Piga hesabu ya mzigo kwanza.

Mtumie na mwenzako mwenye duka la vitu vya kale, kabla hajashika mkasi.